Kila Mgambo Aje na Mjomba Wake

Jumatatu, 3 Julai 1972

Balaa! Asubuhi gwarideni Afande Gaudensi katusomea waraka mpya. Mgambo wote tuandikishwe upya. Wanawake wasishike tena bunduki wala zamu ya mtoni, waende jikoni na huduma ya kwanza. Na mwanamke yeyote aliyejiandikisha kama mwanamume afukuzwe, arudishwe kwao na barua. Eti kambi nyingine kapatikana mmoja. Watu wakacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti. Mnafiki mkubwa mimi!

Humu naandika kweli maana hasomi mtu. Nilizaliwa nikaitwa Mwanahawa. Mimi ni Rashidi. Huu mwaka wa tatu nalinda Ruvuma, na ndege za Mreno zikija naruka handakini na wenzangu, tunatukana pamoja. Kurudi kuvaa gauni siwezi. Siwezi tu.

Sasa ushahidi. Vyeti vya kuzaliwa hatuna, kwa hiyo Jumamosi kila mtu alete mzazi aseme mwanawe alitoka jandoni mwaka gani. Afande ni mtu wa Bukoba, akaandika ubaoni: baba. Kicheko! Petro akamwambia baba wa nini, Afande, huku mtu ni wa mjomba wake. Wote wakaitikia. Afande akafuta, akaandika: mjomba.

Ningemkaba Petro. Baba yangu angekuja hata kesho, angesema lolote ninalotaka. Mjomba Salumu hajanisemesha tangu siku niliyonyoa nywele.

Jumanne, 4 Julai

Nimempa mtu wa baiskeli barua aipeleke kijijini kwetu, Madimba. Mistari miwili. Njoo Jumamosi, mjomba, tafadhali. Chini sikutia jina — ningetia lipi?

Alhamisi, 6 Julai

Jibu bado. Uji nimeuacha. Petro kauliza naumwa nini, nikasema tumbo.

Ijumaa, 7 Julai

Saba Saba. Hotuba ndefu, wali, ngoma. Nimecheza mpaka buti zimefunguka. Kama ni mara ya mwisho kuvaa haya magwanda, basi niyaloweshe jasho.

Jumamosi, 8 Julai

Alhamdulillahi! Alhamdulillahi!

Saa nne nikamwona anasukuma baiskeli mchangani. Kanzu nyeupe, uso umekunjamana. Hakunisalimia! Nikampa shikamoo, akaitikia huku anatazama kwingine. Nikajua nimekwisha.

Mezani Afande akamuuliza ana wapwa wangapi wa kiume. Mjomba akakung'uta vumbi kwenye kanzu. Ndugu zangu wa kiume ni wawili, Madimba nzima inajua.

"Watatu," akasema. "Huyu wa pili."

Alitoka jandoni lini? Mwaka wa Uhuru. Na nani aliyemlea huko, kambi ilikuwa wapi, wenzake ni kina nani? Afande kashika kalamu, anataka kila kitu. Mjomba akajinyoosha kama anayetaka kugombana.

"Afande, wewe mgeni wetu. Ya jando hayasemwi mezani, wanawake wanapita hapa na ndoo."

Foleni nzima ikanguruma: kweli, kweli, si adabu! Wajomba wengine wakasema wakiulizwa hayo wanaondoka. Maskini Afande, kaona haya! Akaomba radhi, akafuta maswali yote matatu kwenye fomu za watu wote. Muhuri — paa! Mwanamume.

Nilimsindikiza mjomba mpaka kwenye mikorosho. Miguu yangu myepesi, nilitaka kukimbia. Nikamwuliza kwa nini. Akasema mama yako kaapa nisipokuja nisikanyage tena kwake wala nisile chake. Halafu akahangaika na mnyororo wa baiskeli ambao haukuwa na shida yoyote. Akasema nimeshatamka mbele za watu, usije ukanitia aibu.

"Sitakutia, mjomba."

"Haya, Rashidi."

Nililia. Naandika kama ilivyokuwa. Nililia kwa furaha, na yeye akajidai haoni.

Jumapili, 9 Julai

Nimelala kama mtoto. Nimekula sahani mbili za ugali. Jioni tangazo: kesho daktari anakuja kutoka Mtwara, apime wote waliopigwa muhuri. Sijui anapima nini. Ajabu, sijaogopa kama Jumatatu ile. Naogopa, lakini si vile.

Jumatatu, 10 Julai

Naandika benchini, daftari nimelificha ndani ya kofia. Daktari yumo hemani na nesi Sabina, yule aliyenifunga jeraha la paja mwaka jana. Aliona. Hakusema kitu wakati ule. Leo kanipita kaniambia kaza mkanda, Rashidi, basi.

Petro katoka. Anasema macho, meno, miguu, kifua. Shati? Yeye kavua. Aliyemtangulia hakuvua. Inategemea, anasema. Inategemea nini! Hajui.

Mbele yangu wamebaki watatu.

Mjomba karudi! Kilomita zote zile, na hakuitwa na mtu. Afande kamwambia leo wajomba hawahitajiki. Kajibu anamsubiri mpwa wake. Kakaa mlangoni pa hema kabisa, anayetoka inabidi amruke miguu.

Wawili.

Mmoja. Jasho, lakini nimetulia. Hata wakinitoa leo, hili la mjomba hawalifuti.

Sabina kachungulia, kaita jina langu. Kabla sijafumbua mdomo mjomba kasimama, kaitikia kwa sauti ya kuadhini: "Yupo! Wa kwangu huyo!" — ngoja, ananishika mkono, anataka tuingie wote —