Napika, Lakini si Chakula

Hadija mjukuu wangu,

Salaam nyingi kutoka Buyenzi. Babu yako goti limepata nafuu, na shangazi yako amehamia Carama. Sasa anatuletea mayai ya kuku wake.

Unaniuliza kama uache ofisi huko Kigali, utengeneze sabuni zako za kuogea kila siku, siyo wikendi tu. Ngoja nikuambie.

Nilipokuwa msichana nilifua nguo kwenye nyumba moja ya matajiri huko Kiriri. Jumapili nilikuwa napika sabuni ya mawese uani kwetu, na wanawake wa mtaa waliinunua yote. Siku moja nikamwambia Madamu, mwenye nyumba, "Kufua naacha. Nataka kupika."

Akafurahi! "Mbona hukuniambia mapema? Kuanzia kesho jiko ni lako."

Jiko la Kiriri, mjukuu wangu, lilikuwa na mshahara mzuri, na nyumbani tulikuwa na shida.  Hata hivyo nikasema, "Apana, Madamu. Mi napika sabuni."

Alicheka sana. Mi sikucheka. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo bila kuongeza "ya Jumapili tu", na lilipokwisha kutoka mdomoni sikutaka kulirudisha.

Sasa we umeniandikia "vijisabuni vyangu". Hiyo "viji" ni ya nini? Majirani wananiuliza mjukuu wangu anafanya kazi gani. Sijawajibu bado. Nangoja nilisikie neno hilo kwako kwanza.

Bibi yako,
mupika sabuni