Pumzi Kumi na Nane

Mpendwa mshauri, Shangazi Dorotea, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba jina langu lisitokee, maana chuoni kwetu gazeti hili linasomwa hadi jikoni.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi hapa Mwanza, na muhula huu tunafundishwa kuwahudumia wagonjwa wa kifua, yaani kuwakalisha vizuri, kuwagongagonga mgongo makohozi yatoke, kufungua mtungi wa oksijeni, na zaidi ya yote kuhesabu pumzi, dakika nzima, mkono kifuani na macho kwenye saa, na shangazi, kazi hii naipenda kupita kiasi, maana nikiweka mkono kwenye kifua kinachopanda na kushuka nasahau kama niko wodini, narudi kwetu Majita nikiwa mtoto mgongoni kwa mama, ziwa linapumua na mama anapumua na mimi napumua nao, na wodi yenyewe iko mlimani, dirishani unaliona ziwa lote jeupe saa sita mchana, basi hata harufu ya kiwanda cha minofu ya samaki siisikii tena. Wagonjwa wananipenda kwa hilo. Bibi Kashindye, mgonjwa wa pumu kutoka Kisesa, aliniambia, "Mjukuu wangu, mkono wako unaleta usingizi," na Mwalimu Chenge anayetusimamia wodini akawaita wenzangu waje waone muuguzi anavyokaa na mgonjwa.

Sasa siku moja mchana nilihesabu pumzi za huyo bibi nikaandika kumi na nane kwenye chati, na haikupita robo saa akaja mwenzangu Revocatus kufanya zoezi lake, akahesabu thelathini na nne, akaandika, na daktari alipoona chati inajipinga akamuuliza mwalimu, mwalimu akatuita wote wawili, akaniuliza kama mkono wangu ulikaa kifuani dakika nzima nikasema ndiyo, kwa kuwa ulikaa kweli, na Revocatus, ambaye si msemaji, akasema tu, "Mwalimu, mimi nilihesabu," basi mwalimu akachagua yangu, ambayo ni ya mtu asiyebanwa, na bibi hakuwekewa oksijeni mpaka alasiri alipozidiwa midomo ikageuka rangi. Amepona, nashukuru Mungu, lakini mwalimu alisema hali ya bibi ilibadilika hiyo alasiri, si kabla, na Revocatus ameandikiwa kosa la kubuni hesabu za mgonjwa, jina lake limebandikwa ubaoni, na Jumatano tarehe kumi na tisa kamati inakaa kuamua kama atafukuzwa.

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye mawe kando ya ziwa nikajihesabu pumzi mwenyewe, kwa mchezo tu. Kumi na nane. Nikajihesabu tena, kumi na nane, nikakimbia bwenini kufungua daftari langu la mazoezi, na shangazi, mzee wa nimonia kumi na nane, msichana wa pumu kumi na nane, wagonjwa kumi na mmoja na wote wanapumua sawasawa na mimi. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu. Nikisema, nitaonekana sijawahi kujua kitu, na hii ndiyo kazi pekee niliyowahi kuiota, nikinyamaza, kila nikifumba macho namwona Revocatus. Nifanyeje?

Ni mimi mwenye majuto, Mwanza.

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikajikuta mkono uko kifuani kwangu mwenyewe, kwa hiyo sitakucheka. Siku ile hukudanganya. Uliulizwa habari ya mkono ukajibu habari ya mkono. Lakini tangu ulipokaa juu ya yale mawe unajua, na kila siku unayonyamaza ni uongo, tena uongo unaomla mtu mwingine. Halafu umeniandikia ziwa na harufu na usingizi, na bibi wa watu aliyebanwa kifua tangu mchana hadi alasiri amepata mstari mmoja. Hilo limeniudhi, nakwambia wazi.

Unaogopa kuonekana hujui kitu. Mficha uchi hazai, mama. Kosa hili mwalimu wako hakuliona, umeliona wewe, na huenda darasani kwenu huko peke yako.

Gazeti linatoka Jumamosi. Jumatatu asubuhi, kabla hujaenda wodini, chukua daftari lako uende kwa Mwalimu Chenge. Usianze na ziwa. Anza na hili: "Mwalimu, Revocatus alihesabu sawa." Kisha mfungulie daftari, umwombe akuhesabu wewe kwa saa yake. Mwombe akupeleke mbele ya kamati ukaseme hayo hayo, na adhabu utakayopewa uipokee, hata ikiwa ni kurudia muhula. Halafu umtafute mwenzako umwombe radhi, na usitegemee akusamehe siku hiyo hiyo. Ukirudi wodini, hesabu kwa midomo yako, namba moja moja, mpaka dakika iishe. Ukishaandika, ndipo umshike mgonjwa mkono, uote ndoto zako utakavyo.

Majina yote nimeyabadili, na lako sikuliandika kabisa, kama ulivyoomba. La yule kijana, lile la kweli alilopewa na wazazi wake, liko ubaoni, na kila anayepita analisoma.