Udongo wa Kwenda Mjini

4 Machi

Binti yangu, daktari wa udongo,

Salamu tele. Mimi mzima, ila goti na mgongo wanashindana nani atangulie kustaafu. Mkwe wangu hajambo? Bado anakoroma kama mashine ya kukoboa?

Uliomba udongo wa jaruba letu la mpunga kule bondeni ukaupime huko maabara. Haya, dereva wa lori la mchele anao, kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Na lile onyo lako nimelisoma: bonde likionekana limekufa, nifunge virago nije kwenu, chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama ukuta. Asante. Ukuta nimeshawahi kuuona.

Baba yako


30 Machi

Baba, shikamoo. Huku hatujambo. Mkwe wako anasema asiyekoroma hajachoka.

Majibu yametoka, nimeyasoma mara mbili. Udongo wako una chakula kingi cha mmea, naitrojeni na fosforasi, kuliko wote tuliopima mwaka huu, hadi mkuu wangu wa kazi amekuja kuuchungulia. Kumbe nilikutisha bure, unisamehe. Panda mpunga wako, usiongeze kitu. Chakula kikizidi mpunga hulala chini. Ile samadi ya kuku iliyorundikana nyuma ya jiko mpe jirani mwenye migomba.

Mwanao


12 Julai

Binti yangu,

Natumaini afya zenu njema. Yangu ni ya kuazima.

Samadi nimempa jirani, kama daktari alivyoamuru. Migomba yake imenenepa haina adabu. Mpunga wangu umetoka wa njano, umesimama kama nywele za kichwa changu, mmoja huku, mwingine kule. Watu wanasema ni ndege. Nami nakubaliana na watu.

Nimechoma mabua na kuchimbua mfereji maji yatoke, kama kila mwaka. Sasa nimekaa tu. Nimechoka, mwanangu, na si kwa kuvuna. Hakukuwa na cha kuvuna.

Baba yako


2 Agosti

Baba, shikamoo. Pole kwa msimu.

Ndege hawageuzi mpunga kuwa wa njano. Nimerudi kwenye masalio ya kopo lako, nikayachambua kwa mkono. Nimekuta ganda la yai na unyoya wa kuku. Baba, kuku wako wanaogopa maji, bondeni hawajawahi kukanyaga. Udongo ule ulipitia nyuma ya jiko, kwenye samadi. Kwa nini?

Mwanao


15 Agosti

Binti yangu,

Sina la kuuliza kuhusu afya yako. Anayeona unyoya kwenye kopo macho yake mazima.

Mama yako, Mungu amrehemu, alipokupeleka kliniki alikuogesha kwanza, akakupaka mafuta mpaka unateleza. Hakuna aliyemwita mwongo. Ningepelekaje udongo wangu mbele za watu umekonda vile? Nikaupaka samadi kwanza. Ungeuona maiti, nami ningehamishiwa ukutani. Halafu ukaniamuru nitoe samadi. Ningesema nini?

Huu ndio wenyewe, wa katikati ya jaruba. Haukuogeshwa.

Baba yako


9 Septemba

Baba, shikamoo. Mgongo vipi?

Haujafa. Umechoka. Kila ukichoma mabua, naitrojeni inapaa na moshi. Kila ukichimbua mfereji, bonde linakauka, na ule weusi wa mboji uliotunzwa na maji unaisha, mwingine unakwenda zake mtoni. Umevuna miaka yote hujarudisha kitu.

Ziba mfereji. Mabua yaache yaoze. Kingoni panda kunde, zikitoa maua zifukie. Mpunga usiguse misimu miwili. La chumba cha nyuma sitalisema tena.

Mwanao


1 Oktoba

Binti yangu,

Nipo, na kunde zimeota. Mfereji nimeuziba. Maji yamerudi na vyura wake, wanabishana kama wazee waliokosa kikao. Kunde jirani atazifukia. Akikataa, migomba yake itamsuta.

Nilipomaliza kushindilia udongo pale mferejini, nikakaa juu yake, nikashindwa kuinuka mpaka jua likahama. Nikasema, hee, kumbe tumechoka wawili, na dawa imeandikiwa mmoja.

Basi fagia kile chumba. Nakuja kwa misimu miwili, na mkwe aambiwe kuwa nami nakoroma. Jembe nimemwachia jirani alifungie, nisije nikalibeba.

Ukinipokea stendi usishtuke nilivyokonda. Safari hii sikujiogesha kwanza. Natoka katikati ya jaruba, hivi hivi.

Baba yako