Mkono Wenye Glavu Nyeupe

Memphis, 2 Machi 2023

Renita binti yangu,

Hujambo? Mguu wako uliovimba umepona? Mimi nipo. Jana daktari kanipima presha: 188 kwa 110. Nikamwambia, nimeezeka mapaa 1,140 katika mji huu, nikianza na ngazi ya kuazima, na sijaanguka hata mara moja. Namba zako hazinitishi.

Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika. Ndiyo, nilipiga kura wewe na kikundi chako cha kutafakari mnyimwe ukumbi wa chini wa kanisa. Wazee tulikuwa tisa, saba tukakataa. Watu kumi na wanne wazima wamekaa macho wamefumba, wanahesabu pumzi! Renita, mama yako alimwambia nesi mara tatu kwamba kifua kinambana. Mara tatu. Akajibiwa, "Tulia mama, vuta pumzi." Saa sita hazikupita, nikaitwa nikachukue nguo zake. Leo wewe, mwanawe, ndiye wa kutufundisha kutulia na kuvuta pumzi?

Baba yako,
Cleophus

9 Machi 2023

Baba, shikamoo.

Mguu umepona. Barua yako nimeisoma nimesimama, maana ningekaa ningelia. Hayo waliyomwambia Mama hukuwahi kunisimulia.

Sisi hatumfundishi mtu kunyamaza. Dada Earlene, yule ambaye polisi walimuulia mtoto, wiki jana alifumba macho dakika sita. Alipofumbua akasema, "Nina hasira, ni yangu, na hakuna wa kunipangia pa kuiweka." Tukaitikia ameni. Wanatuua mara mbili, Baba: wanatutenda ubaya, halafu tunabaki na uchungu unaotumaliza mishipa. Hiyo ya pili mimi nimeikataa.

Na unajua nani alinifundisha? Wewe. Kila Jumapili nilikuangalia ukihudumu mlangoni mwa kanisa, glavu nyeupe, mkono wa kushoto mgongoni, kwa saa mbili hutikisiki. Sala ikianza uliinua kiganja mtu asiingie, hata mchungaji akichelewa alisubiri nje mpaka iishe. Nikakuuliza unawezaje kusimama hivyo. Ukasema, "Nahesabu. Nne nikivuta, sita nikitoa."

Wale kumi na wanne wanahesabu hesabu yako. Siku hizi tunakaa uani kwangu, kwenye baridi, na mablanketi.

Kunywa dawa.

Mwanao,
Renita

30 Machi 2023

Baba,

Wiki tatu kimya. Jirani yako anasema gari la wagonjwa lilikuja, na ulimkataza asiniambie. Kama umekasirika, kasirika ukiwa hai. Niandikie hata mstari mmoja.

Renita

11 Aprili 2023

Mwanangu Renita,

Nisamehe. Nililazwa siku nne. Kichwa kilikuwa kinapasuka, nesi akapita akasema, "Tulia, mzee." Maneno yale yale! Ngumi zikajikunja zenyewe. Nikahesabu nne, nikahesabu sita, mara kumi. Kisha nikamwambia polepole, "Nimetulia. Sasa andika hapo kwamba nimesema kichwa kinauma, andika saa, andika na jina lako." Daktari alifika baada ya dakika tatu.

Siku ile mama yako alipofariki nilikuwa juu ya paa la mtu. Hilo ndilo sikuwahi kukusimulia.

Presha sasa ni 152 kwa 90. Dawa nakunywa, usinisumbue.

Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, walete watu wako ukumbini. Mkuu wa wahudumu wa mlangoni ni mimi, mwaka wa ishirini na sita huu, na ufunguo uko mfukoni mwangu. Mzee Purvis, mmoja wa wale saba, amesikia, akanipigia.

"Cleophus, umerukwa na akili? Kura ilishapigwa!"

"Najua, nilikuwepo. Nilipiga vibaya."

"Basi tunakuja sote kuwatoa!"

"Njoo, Purvis. Ila vaa viatu visivyolia, watu watakuwa kwenye sala."

Waache waje. Watanikuta mlangoni na glavu zangu, mkono wa kushoto mgongoni, wa kulia juu, kiganja wazi. Kwa miaka ishirini na sita Purvis hajakipita kiganja hiki, na wala hataanza Alhamisi.

Niwekeeni kiti cha kumi na tano, karibu na mlango. Kina Purvis wakishaondoka, nitakaa.

Baba yako