Mwalimu Asiyechezwa

Nanyamba, Jumanne, Julai 1974

Wale wanaojiita walinzi wa mila wamekuja tena shuleni leo, nusu ya kijiji nyuma yao, kuchukua wasichana wa darasa la sita waende unyagoni katikati ya muhula. Nikawaambia simtoi hata mmoja.

Kiongozi wao, Bibi Salima, hata sauti hakupandisha. "Mwalimu, kwenu Bukoba ulichezwa unyago?"

Nikasema hapana.

"Basi hujakua. Mtoto atawafundishaje watoto?"

Wakaangua kicheko. Washenzi wakubwa!

Nikamgeukia Zainabu, mwanafunzi wangu bora, niliyekuwa nikimpigania yeye hasa. Alikuwa ameshafunga daftari lake. Akanishika mkono.

"Usilie, mwalimu. Nitakuombea kwa Bibi Salima, na wewe uchezwe."