Pazia Nililolishona kwa Ajili ya Kichwa cha Mwanangu

Mama Mshauri, shikamoo. Niwahi kabla sijafanya jambo la kuniaibisha, maana hasira imenifika kooni na nyumbani hakuna anayetaka kunisikiliza.

Mimi ni fundi cherehani, na wifi yangu, dada yake mume wangu, ni msusi, tumekodi chumba kimoja tukakigawa kwa pazia la vipande viwili, kila upande una mlango wake wa barabarani, huku nashona na kule anasuka, na mwanangu wa miezi mitatu analala kwenye kikapu cha vitambaa kando ya cherehani. Sasa huyu mtoto akaota magamba utosini, ya njano njano, yamenata kama ukoko wa sufuria, lakini halii wala hasumbuki, ananyonya, anacheka, na mimi nilikuwa namwosha tu nikisubiri yaishe, mpaka siku wifi alipofunua pazia akapiga kelele wateja wote wasikie, "Jamani, fundi! Mba wote huu kichwani kwa mtoto na wewe unashona tu? Huoni hata aibu?"

Mama, nilikuwa nampima mteja gauni, pini zimejaa mdomoni, siwezi hata kujibu, na kabla sijazitema wifi ameshambeba mtoto hadi upande wake, akamlaza mapajani, akachukua kile kichana chenye mkia anachogawia nywele, akaanza kubandua magamba kwa ncha kama anavyowafanyia watu wazima kabla ya kuwaosha, mtoto analia mpaka sauti inakauka, kisha akampaka yale mafuta ya mba yanayochoma, eti, "Yakichoma ujue yanafanya kazi." Nilipomnyang'anya mtoto wangu, kichwa kilikuwa kinatoka damu.

Hakuishia hapo, sasa anawatangazia wateja kwamba mimi ni mchafu na kwamba ugonjwa huo unaambukiza, na mteja mmoja ameshakuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata, basi nikamshonea mtoto kofia nzito yenye bitana ili watu wasione, lakini hasira haikushuka, nikaliteremsha lile pazia, nikaunganisha vipande vyote viwili kwa mshono mmoja toka juu mpaka chini, nikalirudisha na kulipigilia misumari ukutani. Wifi akaenda kumlilia kaka yake. Mume wangu, ambaye ni fundi wa friji, akaniambia, "Dada ana cheti cha vichwa. Wewe una cheti cha suruali. Nani anajua kichwa hapo?" Anataka nifumue pazia na Jumapili niombe msamaha mbele ya mama mkwe, na wifi ameshasema siku hiyo hiyo atamalizia magamba yaliyobaki, ila safari hii atanyoa kwanza kwa wembe. Vidonda vyenyewe vimeanza kutoa majimaji. Je, nifumue? Nimwache amalizie ili amani irudi?

Ni mimi, Fundi Nisiyejua Kichwa.

*

Marahaba, mwanangu. Amalizie nini? Ammalize mtoto?

Nimeisoma barua yako nimesimama, na chai yangu imepoa. Una haki ya kukasirika, na ningekuwa mimi na pini zile mdomoni, sijui ningezitemea wapi. Lakini hasira yangu sasa inahamia kwako kidogo. Pazia umelieleza mpaka misumari yake, halafu majimaji kwenye kichwa cha mtoto ukayapa mstari mmoja mwishoni! Ndiyo maana sikusubiri gazeti litoke, nilikupigia kwa namba uliyoandika, ukapokea, ukaanza tena habari za pazia, nikakukatiza. Narudia hapa kwa ajili ya kina mama wengine wenye mawifi wenye vichana: kidonda kinachotoa maji kwa mtoto wa miezi mitatu ni cha kupelekwa kliniki leo. Si Jumapili, leo. Usikipake kitu chochote njiani.

Na kofia ivue. Ile hukumshonea mtoto, uliwashonea wateja. Umeweka joto na jasho juu ya kidonda ili watu wasiseme, na wamesema vilevile.

Sasa nisikilize vizuri. Magamba yale huwapata watoto wachanga wengi. Hayaletwi na uchafu, hayaambukizi, na mara nyingi huondoka yenyewe baada ya wiki au miezi. Mtoto aliyekuwa ananyonya na kucheka hakuwa na shida, shida kaletewa. Vidonda vikishapona kabisa na muuguzi akikuruhusu, chukua mafuta kidogo ya watoto yasiyo na manukato, mpake utosini, subiri magamba yalainike, kisha pitisha brashi laini taratibu, kama unavyotoa uzi kwenye hariri ya mteja. Mwoshe kwa shampuu laini ya watoto na umsuuze mpaka mafuta yatoke, maana yakibaki magamba hunata tena. Gamba linalotoka litoke, linalong'ang'ania liache. Hakuna kucha, hakuna kichana, hakuna wembe, hakuna dawa ya mba ya watu wazima. Yakisambaa usoni au mwilini, ngozi ikivimba au kunuka, au mtoto akipata homa, rudi kliniki.

Wewe fundi wa friji, najua gazeti hili litafika mezani kwako, kwa hiyo na wewe pokea lako. Cheti cha dada yako ni cha nywele, na mwanao bado hana nywele za kusuka. Mbebe mwenyewe mpaka kliniki, na dada yako mchukue, akae kwenye benchi lile lile, asikie muuguzi akisema. Umekaa unapima vyeti vya wanawake wawili huku mtoto wako anavuja maji kichwani! Huoni aibu wewe?

Wifi yako simwiti mtu mbaya. Kwenye kichana alidhani anasaidia, amezoea vichwa vinavyoweza kusema, "Dada, unaniumiza." Lakini alipokutangaza mchafu alijua vizuri anafanya nini. Kwa hiyo hapa msamaha unaombwa kwako, na auombe kwa sauti ile ile aliyopigia kelele, wateja wakiwa wamekaa wanasikia.

Jumapili nenda kwa mama mkwe, usijifiche. Mtoto awe mikononi mwako, kichwa wazi, na asitoke mikononi mwako hata kwa dakika moja. Wakikuambia uombe msamaha, msogeze mtoto karibu na bibi yake avione vidonda mwenyewe, halafu nyamaza.

Na pazia usilifumue. Siku wifi atakapopita mlango wako wa barabarani mikono mitupu, akapiga hodi kama mteja mwingine, hapo tutalizungumza. Kwa sasa literemshe, ulipitishe chini ya sindano mara ya pili. Mshono mmoja hautoshi.