Mfereji wa Baba Kevo

Al Thumama, Doha. Ijumaa, Machi 2014.

Vumbi tangu asubuhi, hata jua halionekani vizuri. Nimetoka kanisani (huku sisi tunasali Ijumaa) nikiwa na amani. Amani yenyewe haikudumu hata saa moja.

Mwanangu Kevo alipiga simu kutoka Nakuru. Wiki jana askari walimpiga rungu sokoni, kisa aliuliza kwa nini wanamkamata mama muuza nyanya. Jino likatoka. Sasa Jumatatu anataka kwenda kuwashtaki kwenye ile ofisi mpya ya malalamiko dhidi ya polisi.

"Mathe, ukikataa siendi. Lakini tafadhali usikatae."

Kushtuka, kumbe nimefungua mfereji wa jikoni mpaka mwisho. Maji yanapiga sinki kelele.

Nakato, mpishi Mganda ninayefanya naye kazi humu ndani, akaacha vitunguu vyake. "Dada, kwani simu inaoga?"

Na Kevo huko: "Mathe! Kwani Doha kunanyesha?"

Nilikata simu. Nakato alicheka. Mimi nikafunga mfereji.

Niwaambie ninyi mnaosoma, maana Kevo sijawahi kumwambia. Zamani zile, baba yake akitaka kusema neno lolote juu ya serikali, kwanza alifungua mfereji, maji yagonge karai, jirani asisikie. Mimi nilikuwa namcheka. Halafu siku moja maji yakakatika mtaa mzima, na yeye bei ya unga ikamkera. Akasema tu, mezani, kama mtu yeyote.

Walikuja wawili. Walipiga hodi vizuri kabisa.

Alirudi baada ya miezi, lakini hakuongea tena mezani. Alikufa miaka mingi kabla ya kura za 2002 kuuondoa ule utawala. Kevo alikuwa anajifunza kutembea.

Naambiwa siku hizi mtu anasema atakalo. Na ni kweli, naona kwenye simu vijana wanamkemea rais na asubuhi wanaamka kwao. Lakini jino la mwanangu limetolewa na rungu la siku hizi hizi.

Nimepiga magoti chumbani. Nikamuuliza Mungu, hii ninayoita hekima ya mama, si ni woga tu? Nilichosikia ni ule ukimya wa meza yetu, miaka yote ile, vijiko peke yavyo.

Nikarudi jikoni, nikampigia.

"Nenda," nikamwambia. "Usiende peke yako, mchukue mjomba. Vaa shati safi. Na ukifika pale, ongea kwa sauti."

"Sasa nakusikia vizuri, Mathe."

Mfereji ulikuwa umefungwa kabisa. Lakini mkono wangu ulikuwa juu yake, na sikuutoa mpaka alipokata simu.

Ee Bwana, Jumatatu nisaidie niutoe mkono huu.